Jibu: Peugeot 404 ya babu iko juu ya mawe, niifufue au niitunze ilivyo?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: 404 ya babu imekaa chini ya mwembe miaka mingi, kutu imeila, na hujui uifanye mpya au uitunze hivyo hivyo.

Achana na injini kwanza. Lala chini na bisibisi. 404 haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Chokonoa sakafu, chini ya milango, na pale shokapu za mbele zinapofungwa. Yangu kwa juu ilionekana nzima, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini: fundi wa zamani alijaza puti na magazeti!

Kote huko kukiwa kumeoza, ukiifufua utabaki na gari jipya lenye kadi ya zamani. Mimi ningeitunza: toa matope na majani, ikauke, iezekee, paka oili kwenye kutu, rangi ya babu usiiguse. Bugatti Brescia ya 1925, gari la kale la Kifaransa, iliyoopolewa Ziwa Maggiore (mpakani mwa Italia na Uswisi) mwaka 2009 iliuzwa Paris 2010 ikiwa na kutu yake, zaidi ya euro 260,000. (Yetu haifiki huko, najua.)

Pakiwa imara, fufua. Gari lililoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968 si la kufugia kuku. Ila usipige starti: toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, subiri siku kadhaa, kisha zungusha injini kwa hendeli ya mkono taratibu.

Viti sivijui, nilimwachia fundi. Tupia picha za chini tuone.