Mbwa Umemwogesha, Anapolala Je?

Watu wakiniuliza kuhusu viroboto, karibu wote huanza na swali moja: nimpake mbwa dawa gani? Mimi huwarudishia swali: mbwa wako analala wapi? Viroboto unaowaona wakikimbia kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Makadirio ya wataalamu wa wadudu ni kwamba wakubwa walio mwilini mwa mnyama ni kama asilimia 5 ya viroboto wote wa nyumba hiyo. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa (mabuu yaliyojifungia kwenye kifuko kabla ya kuwa viroboto wakubwa), na hao wako sakafuni, kwenye matandiko na kwenye vumbi la banda.

Jike akishapata damu, baada ya siku moja au mbili anaanza kutaga, na anaweza kufikisha mayai 40 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya. Mbwa akijikuna au kujikung'uta, yanamwagika pale pale alipo. Yakianguliwa, mabuu hukimbia mwanga, hujificha kwenye nyufa, na chakula chao ni kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Mwisho hujifungia kwenye kifuko kinachonata vumbi, na humo ndani dawa nyingi haziwafikii.

Hapa Mafinga, mkoani Iringa, tuna mazoea yetu yanayowanufaisha. La kwanza ni maranda. Msitu wa Sao Hill tunao, mashine za mbao ziko kila upande, kwa hiyo mwenye mbwa huchukua gunia la maranda akamwaga bandani ili mnyama asilale kwenye sakafu ya baridi. Ni jambo jema. Tatizo ni maranda yaliyowekwa wakati mvua zinaanza Novemba na bado yapo Aprili. Yameshika unyevu, hayaoni jua, na mabuu ya kiroboto hayahitaji zaidi ya hapo. Yabadilishe kila wiki na ya zamani uyachome moto. Usiyarundike nyuma ya banda.

La pili ni jiko la nje. Kuanzia Juni baridi ikikaza, mbwa anahamia karibu na mafiga na hakuna mwenye moyo wa kumfukuza. Nje, baridi inachelewesha ukuaji wa viroboto. Jikoni kuna joto usiku kucha, nao wanaendelea na maisha yao. Halafu Julai mtu anashangaa: "Na baridi yote hii, viroboto wametoka wapi?" Wametoka jikoni kwako, ndugu yangu.

Kabla ya kutoa hela dukani, hakikisha ni viroboto kweli. Mchane mbwa kwa kitana cha chawa, hasa kiunoni karibu na mkia, ule uchafu mweusi uudondoshee kwenye karatasi nyeupe iliyolowa au kitambaa cheupe kilicholowa. Ukigeuka rangi nyekundu ya kutu, ni kinyesi cha kiroboto. Ukibaki mweusi, ni vumbi tu. Kwa watu, viroboto huuma zaidi miguuni na kwenye vifundo. Ukiumwa mgongoni na mabegani usiku kitandani, kagua kwanza kunguni. Na mbwa anayejilamba kucha na nyayo anaweza kuwa na funza, ambao ni jamii ya viroboto lakini wanaingia ndani ya ngozi, na matibabu yao ni mengine.

Sasa kazi yenyewe. Chagua siku yenye jua, ufanye yote siku hiyo hiyo: mbwa, banda, jiko na nyumba. Ukimtibu mbwa leo na banda ukaliacha mpaka Jumamosi, mbwa anarudi kulala kwa wenyeji wake.

Mbwa mwogeshe mchana, siyo asubuhi ya umande. Anza kumzungushia povu la sabuni shingoni, ndipo ushuke mwilini. Ukianza na mgongo, viroboto wote wanakimbilia kichwani na masikioni, na huko huwezi kumwaga maji. Sabuni ya kawaida isiyo kali inatosha kuwazamisha, kwa hiyo acha povu likae dakika chache ndipo usuuze, kisha mfute mpaka akauke. Watoto wa mbwa wadogo usiwape dawa kwa kukisia. Wachane tu kwa kitana, na kila kiroboto umtumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni. Usiwapuuze, maana viroboto wengi wanaweza kumnyonya mtoto wa mbwa mpaka aishiwe damu na kufa.

Wakati mbwa anakauka, toa kila kitu anacholalia. Magunia na matambara yachemshe. Mikeka na mazulia yaanike juani pande zote mbili. Nyumbani fagia chini ya vitanda, chini ya makochi, na kwenye kona ambazo fagio huwa linapita mbali. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyiza maji kidogo kwanza ili vumbi lisipeperuke na mayai, na takataka zote ziishie motoni. Nyufa za saruji ni afadhali kuziba kabisa kuliko kuzipulizia dawa kila mwezi. Fyeka na majani yanayolizunguka banda, jua liingie. Mabuu hayavumilii ukavu, na hapo kiangazi chetu kinakusaidia bila malipo.

Kuhusu dawa, sisi tunaishi kwenye eneo la pareto. Maua yanalimwa wilaya za jirani mpaka Mbeya, na kiwanda cha kusindika kiko hapa hapa Mafinga. Sumu ya pareto inaua viroboto kweli, na dawa nyingi za dukani zimeiga umbile lake. Lakini watu wanaosaga maua wenyewe na kumpaka mbwa siwaungi mkono: nguvu yake hujui, na jua huivunja mapema, kwa hiyo kesho viroboto wapya hawaoni kitu. Zile dawa za kuiga, hasa permetrini, zinadumu zaidi, ila paka hawaziwezi. Dawa ya mbwa yenye permetrini ikimgusa paka inaweza kumtetemesha mpaka afe. Kama paka na mbwa wako wanalala pamoja, sema hilo mapema kwa muuzaji.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo inayotumika sana huku, kwa sababu ipo tayari nyumbani. Baadhi ni amitrazi, ambayo kwa kupe inafaa, kwa viroboto haifui dafu. Nyingine ni kali na vipimo vyake ni vya ng'ombe, na mbwa hujilamba. Mafuta ya taa, oili chafu na maji ya tumbaku yote ni sumu kwa mbwa, hata kama mzee wa jirani anaapa kwamba mbwa wake alipona. Nenda kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo ukiwa na umri na uzito wa mbwa. Uliza dawa ya matone ya shingoni yenye fipronili, au kidonge cha kutafuna. Kuna vya kudumu mwezi 1 na vya miezi 3.

Kuku nao watazame. Kuna kiroboto wao anayeganda kwenye ngozi kuzunguka macho na kilemba, na anahamia masikio ya mbwa anayelala karibu na banda lao. Ukiona vidoa vyeusi vimeng'ang'ania ukingo wa sikio, shughulikia mabanda yote mawili.

Halafu subiri usumbufu. Baada ya wiki moja au mbili utaona viroboto tena na utadhani umeuziwa dawa feki. Hao ni wale waliokuwa kwenye vifuko. Pupa anaweza kungoja miezi, na huamshwa na mtikisiko, joto na pumzi. Waliofunga nyumba ya kijijini baada ya Nanenane na kuifungua Desemba wanajua miguu inavyoshambuliwa kabla hata hawajashusha mizigo. Endelea kufagia kila siku, maana mtikisiko unawatoa haraka, na dawa ya mbwa irudie kwa tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Usiku weka beseni la maji ya sabuni sakafuni na taa juu yake; viroboto hufuata mwanga na kuzama, na asubuhi utaona kama idadi inapungua. Jipe miezi mitatu.

Na ukiona chembe nyeupe kama punje za mchele kwenye haja ya mbwa au chini ya mkia, hizo ni vipande vya tegu. Mbwa hulipata kwa kummeza kiroboto wakati anajitafuna, na mtoto mdogo anayecheza naye anaweza kulipata vilevile. Dawa yake ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, na itolewe wakati viroboto wanashughulikiwa, la sivyo tegu litarudi.