Mauzo kujirudia kati ya matawi: tatizo si kasi ya intaneti

Mkuu, umeuliza kwa nini mauzo ya tawi yanaingia mara mbili makao makuu kila mtandao ukisumbua, na kama ukinunua intaneti yenye kasi yataacha. Hayataacha. Nimeshapita humo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye tawi Morogoro mjini na jingine Kilosa.

Kijana wa Kilosa aliuza mifuko 20 ya saruji. Akabonyeza Tuma, kiduara kikazunguka weee, mwisho simu ikasema imeshindikana. Akabonyeza tena. Jioni mfumo ukaonyesha imetoka mifuko 40, akaanza kudaiwa pesa ya mifuko 20 ambayo hakuiuza. Nilipofungua kumbukumbu za seva (kompyuta inayopokea mauzo) nikakuta ombi la kwanza lilifika na likahifadhiwa vizuri kabisa. Kilichopotea njiani ni jibu. Simu haiwezi kutofautisha ombi lisilofika na jibu lisilorudi, kwa hiyo lazima irudie kutuma, na kazi ya seva ni kutambua kwamba hili nimeshalipokea.

Basi kila rekodi ya mauzo ipewe namba yake palepale kwenye simu, kabla haijagusa mtandao. Mimi natumia UUID, yaani namba ndefu ya utambulisho isiyojirudia, ina biti 128, simu mbili zinaitengeneza bila kuulizana wala kuogopa kugongana. Marudio yazuie kwenye hifadhidata yenyewe. Ukiangalia kwa msimbo wa programu tu, maombi mawili yakija kwa mpigo yote yatapita. Na namba ikija mara ya pili, seva ijibu kuwa imepokea. Mwanzoni nilirudisha kosa la 409 (maana yake kuna mgongano), simu ikadhani haijafaulu, ikatuma usiku kucha na kumaliza bando la watu. Nikaacha POST, ombi la kutuma kitu kipya, nikahamia PUT, ombi la kuweka kitu kwenye anwani maalumu; namba ikakaa kwenye anwani ya ombi. Kwa kanuni za HTTP, yaani lugha ya mawasiliano ya wavuti, PUT ukiirudia matokeo hayabadiliki. POST haina ahadi hiyo.

Kingine, kama matawi yanachota ghala moja, usitume baki, yaani idadi ya mzigo uliobaki. Huyu akituma baki 130 na yule 115, wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Tuma kilichotokea: zimetoka 5, zimeingia 50. Hesabu aipige seva. Saa za simu pia usiziamini kupanga badiliko lipi lilitangulia. Seva ipe kila badiliko namba ya mfululizo, simu iombe mabadiliko kuanzia pale ilipoishia.

Kujaribu ni rahisi: kwenye seva ya majaribio hifadhi rekodi, kisha kata muunganisho kabla ya kujibu. Rudia kutuma rekodi ileile mara kumi. Zikibaki zaidi ya rekodi moja, bado.

Ila zile zilizokwisha kujirudia usizifute kwa kubahatisha. Chapa orodha, kaa na muuzaji mpitie pamoja. Sisi tulifungua kitabu cha risiti cha yule kijana: siku ile kulikuwa na risiti moja ya saruji, mifuko 20. Bosi akamrudishia pesa aliyokwisha kumkata.