Ukitaka mapato na matumizi yasomwe, nenda mkutanoni na hesabu yako

Kijijini kwetu, hapa Tanzania, kila mtu alikuwa akisema hela za shule zinaliwa. Nilipochaguliwa na wazazi kuingia kamati ya shule, nilikuta hakuna hata mmoja wetu anayejua shule inapokea kiasi gani. Tulikuwa tunalalamikia upotevu wa kitu tusichokijua ukubwa wake.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kudai uwazi mahali unapoishi, anza na hesabu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule, 4,000 zinabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800 inatakiwa kuona shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani kama laki nne kwa mwezi. Mzazi yeyote anaipiga hesabu hii kwenye simu yake.

Ukisimama ukasema "mnakula hela zetu", mwalimu mkuu atakasirika, mwenyekiti atakuomba ukae, basi. Ukisema "tuna watoto 800, mwezi wa tatu tulitarajia laki nne, ziliingia ngapi na zilifanya kazi gani?", jibu liko kwenye taarifa ya benki na hakuna wa kukuita mchochezi. Wakati mwingine jibu hilo linamsafisha mtu. Kwetu tulikuta miezi ambayo ruzuku ilichelewa, na mwalimu mkuu alikuwa akikopa chaki dukani kwa jina lake mwenyewe.

Mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Kuna mchezo mmoja uangalie: mapato na matumizi huwekwa ajenda ya mwisho, jua limeshazama, kina mama wamekwenda kupika. Sisi tulimwandikia mtendaji wa kijiji mapema, tukiwa wengi na wa vyama tofauti, tukaomba ajenda hiyo ipande juu. Ikapanda. Halafu hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari. Likishaandikwa, mkutano unaofuata litaitwa kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyoachwa na mkutano uliopita, hata wewe ukiwa umesafiri.

Hela nyingi zaidi hupita kwenye ujenzi. Madarasa na vyoo siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti, shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa fundi, na wananchi wanaingia kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Watu hugombania ile ya manunuzi. Mimi nakushauri utafute nafasi ya mapokezi. Kwetu kuna mama aliyegoma kusaini hati ya kupokea saruji mpaka kila mfuko uhesabiwe, dereva anapiga honi, fundi analalamika kazi imesimama. Hati ilisema mifuko 100. Ilishuka 88. Akaandika 88 kwa mkono wake ndipo akasaini, na mifuko 12 ikaletwa kesho yake asubuhi. Bila saini yake ile, ukaguzi wowote ungekuta mifuko 100 imepokelewa safi kabisa.

Dai pia taarifa ibandikwe ukutani, nje, mahali mtoto anaweza kuisoma. Uganda, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zake. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa na kutaka shule zibandike walichopokea, na sehemu inayofika ikapanda sana.

Ukinyimwa, andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka bungeni, kwa kawaida mwezi wa Aprili, itafute halmashauri yako humo. Ukiwa na ushahidi wa wizi mkononi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113, lakini usiwapigie kwa tetesi, utawapotezea nguvu watakaokuja baadaye na ushahidi.

Sasa tumehamia kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunataka orodha ya vikundi vilivyopata, kiasi cha kila kikundi na kilichorejeshwa. Barua iko kwa mkurugenzi, na kwenye mkutano ujao itasomwa.