Kukereza upya tendegu la samadari

Ndugu muulizaji, umeeleza kuwa tendegu (mguu) moja la samadari, kitanda cha kienyeji cha msaji, mti wa mbao ngumu, ulichorithi kwa bibi, limeliwa na wadudu, na fundi anataka kubadilisha yote manne. Mimi nisingekubali. Mpelekee mkerezaji, fundi anayechonga mbao zikizunguka kwenye mashine, tendegu jingine lililo zima, wala si picha, pamoja na masalio ya lile lililoharibika, kwa kuwa ulimi unaoingia kwenye fremu ndio unaoamua kama kitanda kitasimama imara. Apime kila pingili, yaani kila sehemu ya tendegu iliyokerezwa, kwa kalipa (chombo cha kupimia unene) katika pande mbili: mbao husinyaa zaidi kufuata duara la pete zake za ukuaji kuliko kuelekea kwenye kiini, hivyo kilichokerezwa zamani kikawa mviringo kamili huenda sasa kimekuwa bapa kidogo. Mti uwe msaji uliokauka vizuri. Boriti iliyotoka katika nyumba ya zamani ni bora kuliko ubao mpya, ilimradi misumari yote ing'olewe, maana mmoja tu uliojificha huharibu makali ya patasi. Rangi ijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki. Kabla ya hayo yote, gongagonga matendegu mengine. Ukiona unga laini ukidondoka, dawa ya wadudu itangulie.