Mikono inaposhuka: kwa mwalimu anayeanza kazi Nairobi

Mwalimu unayeripoti muhula huu katika shule zetu za Eastlands, kabla hujakabidhiwa ratiba, omba ukae nyuma ya darasa la Gredi ya 1 kipindi kimoja tu. Utasikia "Mimi, mwalimu! Mimi!" hata swali halijaisha. Kuna atakayenyoosha mkono ilhali jibu hana. Anachotaka ni kuitwa jina lake. Kisha vuka uwanja, ingia Gredi ya 8, uulize swali jepesi. Macho yote yatazama kwenye madaftari.

Kwa miaka mingi niliamini wale wakubwa wamechoka na masomo, na nikawagombeza kwa uvivu. Nilikosea sana.

Siku moja niliandika ubaoni: viatu vya shilingi 800 vimepunguzwa bei kwa asilimia 15, vinauzwa ngapi? Kimya. Nikaanza kupita kati ya madawati. Msichana mmoja wa upande wa dirisha alikuwa ameandika 680 kwa penseli, hatua zote zimepangika, na kiganja amekilaza juu yake. Nikainama. Akanong'ona, "Nikikosa watanicheka, mwalimu." Jibu alikuwa nalo muda wote huo.

Nilirudi nyumbani nikiwaza ni nani aliyemfunza woga ule. Muhula uliotangulia, mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma alama zao kwa sauti, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, darasa zima likisikiliza.

Mambo mengine si ya mwalimu peke yake. Mtoto wa Gredi ya 1 ana mwalimu mmoja anayemjua hata akija hajanywa chai. Akifika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ana masomo tisa, na kila baada ya dakika 40 anaingia mwalimu mwingine. Mtaala wa umilisi ulipoanza 2017 tulitumaini kuondokana na mbio za mtihani mmoja. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Lakini mazoea ya kuuliza "umekuwa namba ngapi?" bado yako nyumbani na hata katika chumba cha walimu. Halafu kuna umri wenyewe: mwili unabadilika, sauti ya mvulana inakatika katikati ya sentensi, msichana anaogopa kusimama kwa sababu ya sketi yake. Usimlazimishe aje ubaoni.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Nikiuliza swali, nawapa dakika mbili waandike, kisha kila mmoja amwonyeshe jirani yake. Ndipo naita jina, na mara nyingi namwita yule ambaye nimeshaona kazi yake ni sawa. Karatasi za mtihani narudisha mkononi, zimekunjwa. Anayesinzia namuuliza pembeni, wakati wa mapumziko. Mmoja aliniambia huamka saa kumi alfajiri kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu. Ningemwaibisha mbele ya wenzake, nisingelijua hilo.

Usitarajie matokeo wiki ya kwanza. Yule msichana alianza kunyoosha mkono muhula wa tatu, tena si juu: kiwiko juu ya dawati, vidole viwili vimeinuka kidogo. Ukisimama mbele ubaoni huvioni. Simama pembeni, karibu na dirisha.