Magari yanapita mtaani mbio, polisi mnaweza kufanya nini?

Swali: Afande, mimi naishi Shabab hapa Nakuru. Asubuhi madereva wakikwepa jam wanakatia mtaani kwetu mbio sana na ndio saa watoto wanaenda shule. Nilishaenda stesheni nikaongea na askari wa deski, hakuna kitu kimefanyika. Tunaweza kujiwekea bampu wenyewe?

Jibu: Mama, bampu msijiwekee, tafadhali. Najua mna uchungu, lakini barabara haiguswi bila ruhusa ya mwenyewe, na hizo bampu za mawe na udongo hazina rangi wala kibao, usiku mtu wa boda hazioni na amebeba abiria. Sisi polisi kazi yetu ni dereva. Bampu, vibao na zebra ni za mwenye barabara: barabara kubwa kama A8 ni KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, zingine za mjini ni KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na nyingi za ndani ya mtaa ni kaunti, kwa hivyo ulizia kwanza ni ya nani ndio barua isizunguke ofisi bure.

Sasa hiyo ya deski. Kuongea tu haitoshi, askari akitoka zamu habari inaenda naye. Rudi uandikishe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, upewe namba, halafu mwandikie OCS, mkuu wa stesheni, barua na nakala kwa kamanda wa trafiki, wazee wa nyumba kumi wasaini. Usiandike "magari yanakimbia sana", andika ni kona gani, wanatokea wapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, siku gani, ni matatu ama ni magari ya watu binafsi. Ukiandika saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa, kamanda anajua atatuma askari lini, bila hiyo atamtuma saa nne wakati barabara imetulia na ripoti itarudi kwamba hakuna shida.

Sheria ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, na hata hiyo kwa mtoto ni nyingi, gari linakata karibu mita 14 kila sekunde, kabla dereva hajakanyaga breki ameshapita geti la jirani.

Halafu mtoto akigongwa, hata kama ni kuchunwa tu na dereva ametoa pesa ya dawa, ripotini. Dereva mwenyewe anatakiwa kuripoti ndani ya masaa 24, na mkimalizana pembeni, kwa rekodi zetu hiyo kona haijawahi kuumiza mtu.