Vifaranga wamekamilika lakini wanafia ndani ya yai: je, mashine ni mbovu?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mama ninayefuga kuku wa kienyeji hapa Isevya, Tabora. Nilinunua mashine ya kutotolesha ya mayai 60, yenye feni na inayogeuza mayai yenyewe. Mwezi wa saba niliweka mayai ya kuku wangu pamoja na mengine niliyoletewa kwa bodaboda kutoka Sikonge. Kipimo kilionyesha nyuzi 37.5 muda wote, lakini siku ya 21 walitoka vifaranga 19 tu. Nilipovunja mayai yaliyobaki, mengi yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wamekufa. Baadhi walikuwa wametoboa ganda wakakwama, na utando umewakaukia mwilini. Siku za mwisho nilikuwa ninafungua mara kwa mara ili niwasaidie. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo, mama. Kwa maelezo uliyotoa sioni dalili kwamba mashine yako ni mbovu, na ninakuomba usiiuze kwanza. Vifaranga wako walitoka siku ya 21, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba joto halikuwa mbali na linalotakiwa, kwa sababu joto likizidi vifaranga huwahi kutoka siku ya 19 au ya 20, na likipungua huchelewa hadi siku ya 22 au 23. Ninaamini kilichowaua ni ukavu wa hewa, na kinachonishawishi zaidi ni huo utando uliowakaukia.

Mwezi wa saba kwenu ni kiangazi kamili. Wafugaji wengi hudhani kwamba ubaridi wa usiku unatosha kuleta unyevu, lakini hewa ya nyuzi 15, hata ingekuwa imejaa unyevu kabisa, ikishapashwa moto hadi nyuzi 37.5 ndani ya mashine hubaki na unyevu wa takriban asilimia 26 tu. Mayai ya kuku yanahitaji asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, na asilimia 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Pengo hilo lote huzibwa na maji unayoweka chini ya mashine, na hapo kinachohesabika ni upana wa uso wa maji, si kina chake: sahani pana yenye maji kidogo hutoa mvuke mwingi kuliko kikombe kilichojaa. Ongeza chombo cha pili, au weka ndani ya maji sifongo safi inayochomoza juu, na kila unapojaza tumia maji ya uvuguvugu ili joto la mashine lisishuke. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja utalazimika kupunguza, kwani unyevu ukizidi katika siku 18 za kwanza yai halipotezi maji ya kutosha, nafasi ya hewa iliyo upande wa butu hubaki ndogo, na kifaranga hufa akiwa amelowa na kuvimba. Hiyo ni picha tofauti kabisa na uliyoiona wewe.

Kipimaunyevu cha bei nafuu hakiaminiki sana, kwa hiyo mimi huwashauri wafugaji wategemee mizani ya jikoni. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 42 kila moja yana jumla ya gramu 1,260. Siku ya 7 yanapaswa kuwa karibu gramu 1,200, siku ya 14 karibu 1,140, na siku ya 18 karibu 1,100. Yakipungua haraka kuliko hapo, ongeza maji. Yakipungua polepole, punguza. Andika kwa penseli uzito wa kila yai juu ya ganda lake, ili siku ya 7 utakapoyamulika kwa tochi na kuondoa yasiyo na mbegu, hesabu isikuchanganye.

Sasa kuhusu kufungua. Ninaelewa huruma iliyokusukuma, lakini kifaranga aliyetoboa ganda anaweza kuchukua saa 12 hadi 24 kabla ya kutoka, na katika muda huo anamalizia kuvuta kiini tumboni huku damu ya kwenye utando ikirudi mwilini mwake. Kila unapofunua mfuniko, unyevu wote hutoka kwa mkupuo, na utando ulio wazi kwenye lile tundu hukauka na kumbana. Kuanzia siku ya 18 simamisha kigeuzi cha mayai, jaza maji, funga, na usifungue hadi wengi wawe wametoka na kukauka. Waliotangulia hawatakufa kwa njaa, maana kiini walichokivuta huwatosha kwa siku mbili.

Mayai ya Sikonge yalitikiswa njiani, hivyo safari nyingine yapumzishe kwa siku nzima, ncha kali ikiangalia chini, kabla ya kuyaweka kwenye mashine. Usipokee yaliyozidi siku saba tangu yatagwe, wala usioshe machafu, yaweke kando.

Kipimajoto nacho kikague. Kizamishe katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, nacho kinapaswa kusoma sifuri. Usitumie maji yanayochemka kwa kutarajia nyuzi 100, kwa sababu Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 hivi.

Umeme ukikatika, usifungue mashine. Ifunike kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Viinitete, yaani vifaranga wanaoendelea kukua ndani ya yai, huvumilia baridi ya saa chache vizuri zaidi kuliko joto la kupita kiasi, lakini katika wiki ya mwisho hutoa joto lao wenyewe na kuhitaji hewa nyingi, kwa hiyo hapo matundu ni muhimu kuliko blanketi. Kukatika huko huchelewesha utotoaji, basi mayai yaliyobaki usiyavunje siku ya 21. Yasubiri hadi siku ya 23.